Mdogo wangu kapandikizwa uloto. Kipimo kinasema hana homa ya ini, je aache entekaviri?

FundiFriji_Tanga (mwanzisha mada), 9 Novemba

Wakuu, heshima kwenu. Mada ni ndefu, mnivumilie. Nikifupisha mtanijibu kwa kubahatisha, na kubahatishiwa nimeshachoka.

Mimi ni fundi friji, Tanga mjini. Mdogo wangu wa kike ana miaka 31. Mwaka jana alianza na uchovu na fizi kutoka damu, tukadhani ni meno. Ikaja kuwa saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Akapigwa tibakemikali mizunguko miwili, halafu tukaambiwa bila kupandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa mtu mwingine itarudi tu. Najua hapa nyumbani wameshaanza, Muhimbili tangu 2021, na Benjamin Mkapa pale Dodoma kwa watoto wa selimundu, ila kwa aina yake tukaelekezwa India. Kiwanja cha Pongwe kikauzwa, ukoo ukachanga, mwezi wa kwanza tukatua Chennai.

Tulipimwa ndugu wanne, nikalingana naye mimi. Kijiweni walishanitisha kwamba nitatobolewa uti wa mgongo. Kumbe ni sindano za chini ya ngozi siku kadhaa, mifupa inauma kama mtu mwenye malaria aliyebebeshwa kompresa, halafu unakalishwa kwenye kiti, damu inatoka mkono huu, inapita kwenye mashine, inarudi mkono ule. Muda wa saa nne na nusu. Mfuko wenyewe uliotoka ni mdogo, unaingia kiganjani.

Sasa tuje kwenye ini, maana ini limetutesa kuliko saratani.

Siku ya 11 baada ya kupandikizwa uzito wake ulianza kupanda. Mtu hali chochote, mdomo wote vidonda, lakini mizani inasoma 54, kesho 56, keshokutwa 58 na nusu. Tumbo likajaa, akawa hawezi kuguswa chini ya mbavu za kulia, macho yakaanza manjano, bilirubini 3.1. Wakasema dawa kali alizopewa kuua uloto wa zamani zimeumiza mishipa midogo ya damu ndani ya ini, imeziba, ini limevimba, maji yanavujia tumboni. Wakambania maji, hadi glasi ya kunywea wanaipima. Wakatutajia dawa moja ya mshipa, nilipoambiwa bei nikatoka nje kwenda kukaa kwenye ngazi. Mungu mkubwa, akashuka bila hiyo dawa.

Mwezi wa nne mwishoni ikaja nyingine. Anajikuna usiku kucha, viganja vyekundu, manjano tena. Hiyo ikaitwa GVHD, yaani uloto wangu unamwona yeye ndiye mgeni na unamshambulia ngozi na ini. Nilikuwa nalala sakafuni pembeni ya kitanda chake, nasikia kucha kwenye ngozi, najua ni mimi ndiye niliye mle ndani namwasha. Akapewa predinisoloni nyingi, ikatulia.

Tumerudi Tanga Agosti. Dawa zake za kila siku: siklosporini na predinisoloni kidogo sana (zote za kushusha kinga), asiklova ya virusi, ya fangasi, na entekaviri miligramu 0.5 anayokunywa saa nne usiku tumbo likiwa tupu. Hii ya mwisho ndiyo shida.

Kabla ya kupandikizwa alikuwa na majibu haya, nanakili kwenye karatasi: HBsAg hasi, anti-HBc chanya, anti-HBs 86. Daktari wa kule alisema aliwahi kupata homa ya ini B zamani, akapona bila kujua, ila "hatutaliamini hilo ini". Ndipo akaanzishiwa entekaviri.

Wiki iliyopita ALT, kile kimeng'enya cha ini, imesoma 148. Mwezi uliopita ilikuwa 35. Tukaenda kituo kimoja cha hapa (sitakitaja). Kijana akamtoboa kidole, akachovya kile kipimo cha haraka, mstari mmoja. Akasema dada hana homa ya ini, hii dawa inamchosha ini bure, aache. Na kwa kuwa vimeng'enya vimepanda, akasema GVHD imerudi, aongeze predinisoloni hadi vidonge vinane kwa siku.

Chennai nimewaandikia siku sita sasa, kimya. Boksi lina vidonge tisa. Kwa mwezi linakula karibu robo ya ninachoingiza. Jirani yetu anayetumia dawa za CTC (za VVU) kajitolea kutugawia zake, anasema ndani yake kuna tenofoviri, "ni kitu kilekile".

Maswali yangu: mtu asiye na homa ya ini anakunywa dawa ya homa ya ini ya nini? Aache? Aongeze predinisoloni? Za jirani je? Na hiyo anti-HBc si huenda ilitoka kwenye damu za watu alizoongezewa? Alishawekewa chupa zaidi ya ishirini.

Nawasilisha.

---

Binti_Korogwe

Pole sana kaka. Sina la kusema ila usiku wa kucha kwenye ngozi umeniliza. Nafuatilia.

---

Mzee_wa_Kahawa

Kijana, dawa ya ugonjwa usiokuwepo ni biashara ya Wahindi hiyo. Wanataka uwe unawarudia kila mwezi. Mpe mdogo wako maji ya mlonge asubuhi na jioni, ini litajisafisha.

---

FundiFriji_Tanga

Mzee wangu shikamoo. Hii dawa nainunua Dar, Mhindi wa Chennai hapati hata senti. Ingekuwa biashara yao wangenijibu ujumbe.

---

Maabara_Moro

Mkuu, nafanya kazi maabara mwaka wa kumi na mbili huu, ngoja nikuelezee hicho kipimo maana kinalaumiwa kwa kazi isiyo yake.

Ule mstari unatafuta kitu kimoja tu, HBsAg, ganda la nje la kirusi. Ndicho alichokiona Baruch Blumberg miaka ya 1960 kwenye damu ya mwenyeji wa Australia, wakawa wanakiita antijeni ya Australia. Ganda likiwepo kwa wingi kwenye damu, mstari wa pili unatokea. Lisipokuwepo, kipimo kimekujibu hilo tu. Hakijakwambia kirusi hayumo mwilini.

Kirusi wa B akishaingia kwenye seli ya ini anaacha nakala yake ndani ya kiini cha seli, kipande cha vinasaba kilichojikunja duara. Mtu akipona, kinga yake inakifungia pale, hakifanyi kazi, ganda linaisha kwenye damu. Lakini nakala haiondoki. Anti-HBc ndiyo inayotuambia kwamba huyu mtu alishawahi kutembelewa.

Wewe fundi utanielewa: unafunga geji upande mmoja, inasoma sifuri, unamwambia mteja mfumo hauna kitu. Ukigeukia upande wa pili unakuta presha. Kipimo cha upande wa pili ni HBV DNA, wingi wa virusi. Damu inachukuliwa kwenye mshipa wa mkono, kidole hakitoshi. Tanga huenda sampuli ikasafirishwa Dar. Omba hicho, pamoja na HBsAg ya mashine, maana kipimo cha haraka kinaweza kukosa kiwango kidogo.

Swali lako la damu za watu ni zuri kuliko unavyodhani. Kingamwili za kuazima zipo kweli, hasa mtu akiwekewa dawa za mshipa zinazotengenezwa kwa kingamwili za wachangiaji wengi. Zinakaa wiki au miezi kisha zinapotea. Ndiyo maana tunapenda kupima kabla mgonjwa hajaongezewa chochote. Kama kuna majibu ya siku za kwanza kabisa, yatafute. Lakini kwa mtu aliyezaliwa kwetu miaka ya 1990, kabla chanjo ya homa ya ini B haijaingia kwenye chanjo za watoto, anti-HBc chanya si jambo la kushangaza hata kidogo. Wengi waliipata wakiwa wadogo, nyumbani humohumo, vidonda kwa vidonda, wembe mmoja watoto watano.

Na usije ukatulia kwa ile anti-HBs 86. Hiyo ilikuwa kinga ya uloto wake wa zamani. Uloto ule umeuawa. Pima tena uone imebaki ngapi.

---

Ami_Maskati

Assalaam alaykum ndugu yangu. Mie Mzanzibari, nakaa Maskati mwaka wa ishirini. Nilikuwa na saratani ya tezi za limfu, nikatibiwa hapahapa, dawa zikiwemo zile sindano za rituksimabu, mwisho nikarudishiwa uloto wangu mwenyewe. Karatasi yangu ilikuwa kama ya mdogo wako, neno kwa neno. HBsAg hakuna, anti-HBc ipo. Nikapewa kidonge kimoja kwa siku, nikaambiwa usiache mpaka tukwambie.

Nikaacha. Sikukatazwa na mtu wala sikukosa pesa. Nilikwenda Unguja Ramadhani, boksi likaisha siku ya tisa, nikasema aa, mbona nipo mzima, saratani imekwisha, nywele zimeota, kidonge hiki cha nini. Nikarudi Maskati sikusema. Nikipimwa kipimo kikubwa cha saratani, safi. Nani atahangaika na ini?

Mwezi wa nne hivi tangu niache, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokaa jikoni. Mke wangu ndiye aliyeona macho, akaniambia nikae karibu na dirisha. ALT ilipita elfu moja na mia mbili. Na ile HBsAg iliyokuwa haipo miaka yote, ikatokea. Nimelala wodini wiki tatu, kila asubuhi wananiuliza leo siku gani, tuko mji gani, ninyooshe mikono mbele waone kama inatetemeka, kwa kuwa ini likishindwa akili ndiyo inayotangulia kuondoka. Siku moja nilijibu tuko Chake Chake. Mke wangu akatoka nje ya mlango.

Nimepona, alhamdulillahi. Sasa nakunywa kidonge, na daktari hanitajii tena siku ya mwisho. Hivyo vidonge tisa vya mdogo wako usivione vichache, ulizia vingine leo.

---

Dkt_Zamu

Ndugu FundiFriji, mimi ni daktari, niko kwenye mafunzo ya magonjwa ya damu. Simjui mgonjwa wako na siwezi kumtibu hapa, lakini kuna mambo mawili siyaachi yapite.

Entekaviri isisimame. Hata siku moja moja usiruke. Aliyepandikizwa uloto wa mtu mwingine, mwenye anti-HBc, bado yuko kwenye siklosporini na predinisoloni, ni miongoni mwa watu ambao kirusi huyu huamka kwao kwa urahisi zaidi. Wanaendelea na dawa angalau miezi 12 baada ya dawa za kushusha kinga kusimama. Kwake saa haijaanza hata kuhesabu. Na baada ya kuacha anafuatiliwa bado.

Watu wengi hawaelewi kwa nini mtu anaumwa akiwa anaelekea kupona, kama Ami hapo juu. Kirusi mwenyewe haui seli ya ini kwa pupa. Kinga ikiwa imelala, anazaliana kimyakimya, mgonjwa hajisikii kitu. Kinga inapoamka na kumkuta amejaa kwenye kila seli, inashambulia seli zote kwa pamoja. Uharibifu unafanywa na kinga. Kwa hiyo hatari ipo dawa zikiwa nyingi, na ipo pia zinapopunguzwa.

La pili, predinisoloni vidonge vinane kwa kubahatisha, hapana. Inawezekana kweli ni GVHD. Lakini kama ni kirusi, umemwekea mbolea. HBV DNA itangulie. ALT 148 kwa mtu kama huyu ina washukiwa wengi: GVHD, kirusi B, virusi vingine (C naye apimwe, siku hizi anatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na kuna E anayepitia maji machafu, ambaye kwa waliopandikizwa anaweza kung'ang'ania miezi), dawa ya fangasi, siklosporini ikizidi, madini ya chuma yaliyojazana kutokana na zile chupa ishirini za damu. Yale ya mishipa kuziba ni ya wiki za mwanzo, hilo sidhani.

Dawa za jirani: zile zina dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, tenofoviri ni mojawapo tu. Inafanya kazi kwa B, ni kweli. Lakini tenofoviri ya aina hiyo inaweza kuumiza figo, na siklosporini nayo inaumiza figo, ndiyo maana huenda walichagua entekaviri. Na jirani atabaki na nini? Kama entekaviri ikikosekana kabisa, kubadilisha kunawezekana, ila chini ya daktari aliyeangalia kreatinini, kipimo cha figo. Asihamishiwe kwenye lamivudini, dawa ya zamani ya B, peke yake pia, kirusi anaizoea haraka.

Swali langu: anakunywa kitu gani kingine? Usimuulize yeye. Mwulize anayempikia.

---

FundiFriji_Tanga

Daktari, aliyemjibu Mzee wa Kahawa kwa ukali juu kule ni mimi, sasa naomba nijifiche chini ya kiti.

Anayempikia ni shangazi. Nimeenda jikoni, nikakuta chupa ya chai ya bluu, nikafungua. Mwarobaini na mlonge, na mzizi mwingine ambao hata yeye hajui jina, kauziwa sokoni. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, wiki tatu sasa. Mdogo wangu anajua. Shangazi alimwambia "usimwambie kaka yako, yeye anaamini vidonge tu". Nilitaka kufoka. Lakini huyu shangazi ndiye aliyekaa na watoto wake wawili miezi saba tulipokuwa India, hajadai shilingi. Nimeishia kusema hiyo chupa naichukua kuwekea maji ya kazini.

Kesho tunaenda hospitali kubwa, nimechapisha karatasi zote. Na damu ya siku ya kwanza kabisa nimeipata, kabla hajaongezewa chupa hata moja: anti-HBc chanya. Maabara_Moro, si ya kuazima basi.

---

Maabara_Moro

Ni yake hiyo. Mkuu, nyie ndugu zake mmepimwa?

---

FundiFriji_Tanga, 2 Desemba

Wakuu, mrejesho.

Daktari wa hospitali kubwa ni mama mmoja mtulivu. Alisoma karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, nusu saa, mimi nahesabu mapangaboi. Entekaviri ikaachwa ilivyo, predinisoloni haikuguswa. Damu ikaenda Dar, majibu siku kumi na mbili: HBV DNA haikuonekana. HBsAg ya mashine hasi. Anti-HBs iko chini ya 10, ile 86 imekwenda na uloto wake, kama ulivyosema Moro. C hasi. Kiwango cha siklosporini kilikuwa juu, kwa hiyo wameipunguza, na dawa ya fangasi wakaibadilisha. Chupa ya bluu nayo ndiyo hiyo iko karakana.

ALT jana ni 61. Nikauliza mkosaji nani, majani au vidonge? Mama daktari akacheka, akasema mmebadilisha vyote wiki moja, sasa mnataka nijue vipi. Shangazi anasema ni vidonge.

Chennai walijibu siku ya kumi na nne, mstari mmoja, endelea na dawa, pima DNA. Boksi jipya nimelipata Dar kupitia kondakta wa basi. Kengele ya simu saa nne usiku, ya kwangu na ya kwake, mmoja akisahau mwingine anapiga. Daktari amesema mwakani ataanza kuchanjwa upya kama mtoto mchanga, B ikiwemo, ila chanjo zenye vimelea hai bado sana.

Swali la Moro. Mimi nilipimwa Chennai kabla ya kutoa uloto, sina, na nilichanjwa. Wengine walipimwa damu za kulingana tu. Nikawapeleka wiki iliyopita. Mama mzazi: HBsAg hasi, anti-HBc chanya. Dada mkubwa hana chochote, anachanjwa. Kaka yetu mkubwa, miaka 41, dereva wa lori la Horohoro, mtu ambaye sijawahi kumwona amelala mchana: HBsAg chanya.

Huyu ndiye aliyekuwa analia pale maabara kwamba kwa nini hakulingana yeye, kwa nini bahati ya kumwokoa mdogo wetu imempita.

Mama alipoambiwa aliuliza kama ndiye aliyewaambukiza. Nikamwambia walivyosema hapa, wembe, vidonda, hakuna atakayejua. Akasema wembe ulikuwa mmoja, wa marehemu baba yenu, ukiwekwa juu ya kabati.

Kaka ana miadi Jumanne apimwe wingi wa virusi na ini lipigwe picha. Anasema hajisikii chochote, na kwamba mzigo wa Mombasa unaondoka Jumatatu usiku. Funguo za lori ninazo mimi.

---

Ami_Maskati

Zilalie hizo funguo.